Jedwali la Islington North: shajara ya mradi

Jumapili, 12 Januari 2025

Leo nimeanza. Faili lipo, safu bado tupu, juu nimeandika jina la jimbo: Islington North. Nakusudia kukusanya kwa Kiswahili historia ya uchaguzi ya jimbo hili la kaskazini mwa London, tangu lilipochorwa mwaka 1885 hadi uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Julai 2024, na kuiandikia maelezo ya kumtosha mtu ambaye hajawahi kufuatilia siasa za Waingereza. Ikikamilika iwe kijitabu chepesi, matokeo mbele, maelezo nyuma, kigawiwe bure kwa Waswahili tunaoishi huku.

Wengi wetu hatujui kwamba kura hiyo ni yetu pia. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kwa kibali halali, akishatimiza miaka 18, anaweza kujiandikisha na kumchagua mbunge hata kama hajabadili uraia, kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Hata kitambulisho cha picha kinachodaiwa kituoni tangu 2023 si kikwazo, pasipoti ya nchi ya Madola inakubaliwa. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawana nafasi hiyo mpaka wapate uraia. Mimi natembea na pasipoti ya Tanzania na nimepiga kura hapa. Inaniuma ninapokutana na mtu aliyekaa London miaka na miaka, analipa kodi zote, barua ya kujiandikisha inaletwa mpaka mlangoni kwake anaitupa akidhani haimhusu.

Nimechagua jimbo hili, kati ya majimbo 650, kwa ajili ya swali moja. Jeremy Corbyn alikuwa mbunge wake kwa tiketi ya Labour, chama cha mrengo wa kushoto, tangu 1983, na kwa miaka kadhaa alikuwa kiongozi wa chama hicho. Mwaka 2024 aligombea bila chama chochote, akamwangusha mgombea wa Labour. Sisi tuliotoka Tanzania, ambako mgombea binafsi bado haruhusiwi licha ya marehemu Mchungaji Christopher Mtikila kushinda kesi yake katika Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013, hatuwezi kuisikia habari hiyo na kupita. Nataka kujua kilichomvusha ni nini: mtu mwenyewe, au hali ya jimbo?

Jumamosi, 18 Januari

Safu ya wabunge imejaa. Wa kwanza, George Bartley wa Conservative, chama cha mrengo wa kulia, ndiye aliyeanzisha National Penny Bank, benki ya akiba kwa watu wa kipato kidogo. Alilishika jimbo tangu 1885 hadi 1906, wimbi la Liberal lilipowasomba wengi wa chama chake. Liberal nao hawakudumu. Baada ya David Waterlow, kiti kilirudi Conservative mwaka 1910 kwa George Touche, mhasibu ambaye jina lake bado limo katika jina kamili la mojawapo ya kampuni kubwa za uhasibu duniani. Akafuata Newton Moore, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia Magharibi kabla ya kuja London, kisha Henry Cowan. Labour walikionja kiti mwaka 1929 kwa Robert Young na wakanyang'anywa 1931 na Albert Goodman wa Conservative.

Goodman alifariki 1937. Oktoba mwaka huo ulifanyika uchaguzi mdogo, Leslie Haden-Guest wa Labour akashinda, na tangu siku hiyo hadi kabla ya 2024 kila uchaguzi uliofanyika hapa ulikwenda Labour. Vita vya pili, kuanguka kwa Attlee, waziri mkuu wa Labour, miaka yote ya Thatcher wa Conservative, ngome haikutikisika. Karibu miaka 87.

Kuna jambo nimeliona nikipanga tarehe: chaguzi ndogo za 1937, 1958 na 1969 zote zilitokana na misiba. Wilfred Fienburgh alifariki 1958 kwa ajali ya gari. Aliyemrithi, Gerry Reynolds, alikuwa waziri katika wizara ya ulinzi alipofariki 1969, umri wake ukiwa miaka 40 na kidogo tu. Uchaguzi mdogo wa Oktoba 1969 ulimwingiza Michael O'Halloran, mzaliwa wa Ireland, katika mitaa iliyojaa familia za Kiairishi. Waliojitokeza kupiga kura siku hiyo walikuwa theluthi moja tu ya walioandikishwa. Jina lake nimeliwekea alama. Nitalirudia.

Jumapili, 2 Februari

Kabla ya kuingiza kura hata moja nimeshughulikia mipaka, maana jina la jimbo linaweza kubaki lile lile na ardhi yake ikabadilika.

Mwaka 1885 Islington iligawanywa majimbo manne: North, South, East na West. Baada ya vita vya pili wakazi walipungua, na majimbo yakapungua nao. Mwaka 1950 yalibaki matatu. Mwaka 1974 yakachorwa upya, yakawa North, Central, na South and Finsbury. Mwaka 1983 Central ikafutwa, yakabaki mawili. North ndilo pekee ambalo jina lake limevuka salama kila mara, jambo linalomfanya msomaji adhani analinganisha kitu kile kile. Kwa hiyo jedwali lina mistari minene kwenye 1950, 1974 na 1983. Nambari za juu ya mstari zisipimwe na za chini yake.

Jambo la pili ni udogo. Kwa miaka mingi Islington North ilitajwa kuwa jimbo dogo kuliko yote Uingereza kwa eneo, kilomita za mraba zisizofika 8. Ndani yake mna Archway, Tufnell Park, Upper Holloway, Finsbury Park na Highbury, pamoja na uwanja wa Arsenal, na mtu wa miguu analivuka toka kona hadi kona bila kuchoka. Mbunge wa Liwale au Turkana akisikia hivyo atashangaa. Nimeuandikia udogo huu aya nzima katika kijitabu, kwa sababu mgombea asiye na chama, asiye na fedha za kitaifa, hapa anaweza kuzifikia nyumba kwa miguu.

Nimejizuia kuingia majimbo jirani, ila moja limenishinda. Kusini kidogo, katika jimbo la zamani la Finsbury Central, Dadabhai Naoroji, mzee wa Kihindi kutoka Bombay, alichaguliwa mwaka 1892 kwa tofauti ya kura zisizozidi 5. Eneo lile leo ni sehemu ya Islington South and Finsbury. Nimelipa mistari miwili pembeni ya ukurasa.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimeshinda na mwaka 1983, na nadhani nusu ya jibu langu imo humu.

Machi 1981 Labour ilipasuka. Viongozi wanne walioona chama kimeelemea mno mrengo wa kushoto walitoka na kuanzisha chama kipya, SDP. Wabunge kadhaa waliwafuata, na hakuna mahali palipopigwa kama Islington, kwani wabunge wote watatu wa Labour walihama. O'Halloran wa North na John Grant wa Central walikwenda SDP moja kwa moja. George Cunningham wa South and Finsbury alikaa kwanza bila chama, halafu akajiunga nao. Madiwani nao walihama kwa wingi hata halmashauri ikaangukia mikononi mwa SDP. Wapiga kura walijibu Mei 1982, wakairudishia Labour viti 51 kati ya 52 vya udiwani. Nilipoiona nambari hiyo niliisoma mara ya pili.

Kisha mipaka ikabana. Waliohama walikuwa watatu na majimbo yaliyobaki ni mawili. Cunningham alibaki kusini. Grant, ambaye Central yake ilifutwa, akapewa na SDP tiketi ya North, yaani kiti cha mwenzake O'Halloran. O'Halloran hakukubali. Alitoka SDP pia, akasimama peke yake kama Labour ya kujitegemea.

Kwa hiyo tarehe 9 Juni 1983 mpiga kura wa Islington North alipewa karatasi yenye majina ya wabunge wawili waliokuwa madarakani, wote wawili wa zamani wa Labour, pamoja na mgombea mpya wa Labour yenyewe: Corbyn, umri miaka 34, afisa wa chama cha wafanyakazi na diwani wa Haringey, halmashauri ya jirani. Matokeo: Corbyn 14,951, Conservative 9,344, Grant 8,268, O'Halloran 4,091.

Mtu aliyewakilisha jimbo kwa miaka karibu 14 ameshika nafasi ya nne.

Kwa asilimia, Corbyn alipata 40.4, Grant zaidi ya 22, O'Halloran 11.1. Ukiwajumlisha hawa watatu, wote wa mti mmoja, unapata karibu 74. Mwaka 2017, Corbyn akiwa kiongozi wa Labour nchi nzima, alipata hapa asilimia 73.0 peke yake. Sisemi ni watu wale wale, miaka 34 imepita kati ya chaguzi hizo na mitaa imebadilika wakazi. Tena baadhi ya kura za Grant zilikuwa za Liberal waliounganisha nguvu na SDP. Lakini ukubwa wa shina haukubadilika sana, kilichobadilika ni namna lilivyogawanyika.

Kule kusini Cunningham alishindwa na Chris Smith wa Labour kwa kura 363. Watatu walihama, na hakuna hata mmoja aliyerudi bungeni.

Jumamosi, 22 Februari

Nimempelekea jirani yangu kurasa za kwanza azisome. Ni mama wa Mombasa, amestaafu uuguzi, na ndiye msomaji ninayemwandikia kichwani. Alivaa miwani, akasoma mpaka ukurasa wa 1981, akaweka kidole kwenye jina la O'Halloran.

"Hebu nambie, mwanangu. Huyu katoka chama chake, kaingia chengine, na ubunge kakaa nao miaka miwili?"

"Ndiyo, mama. Hapa kiti ni cha aliyechaguliwa. Chama hakina uwezo wa kumnyang'anya."

"Kwetu ashatoka zamani."

Ana haki. Katiba ya Kenya ya 2010 inamvua ubunge aliyechaguliwa kwa chama kisha akakihama. Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, nayo inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakuwa wazi. Tofauti ni kwamba Kenya inamruhusu mgombea binafsi kusimama tangu mwanzo, Tanzania hapana. Msomaji wangu anakuja na sheria hizi mkononi, nisipomweleza mapema kwamba za Uingereza ni nyingine, jedwali zima litamchanganya.

Nimeandika ukurasa mpya kabla ya matokeo. Unaeleza pia yaliyompata Corbyn baadaye, kwa ufupi na kwa tarehe. Oktoba 2020 tume ya haki na usawa ilitoa ripoti kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya Labour. Siku hiyo hiyo chama kilimsimamisha Corbyn kwa kauli aliyoitoa juu ya ripoti hiyo. Novemba alirudishiwa uanachama, lakini kiongozi mpya, Keir Starmer, alikataa kumrudisha katika kundi la wabunge wa Labour. Machi 2023 halmashauri kuu ya chama iliamua kwa kura 22 dhidi ya 12 kwamba hatapewa tiketi. Mei 2024, uchaguzi ulipoitishwa, alitangaza kugombea binafsi na uanachama wake ukakoma. Muda wote huo, tangu 2020 mpaka bunge lilipovunjwa, aliendelea kuwa mbunge halali wa Islington North, akisikiliza shida za watu wa Archway na Finsbury Park kama kawaida.

Mama alisoma ukurasa huo mpya akasema, "Sasa nimefahamu." Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta.

Jumamosi, 8 Machi

Kura za 1983 hadi 2019 zimeingia zote. Nikitazama safu ya tofauti ya kura peke yake naona mlima: 5,607 mwaka 1983, 9,657 mwaka 1987, 12,784 mwaka 1992, 19,955 mwaka 1997. Halafu bonde: 12,958 mwaka 2001 na 6,716 mwaka 2005. Kisha kupanda tena: 12,401 mwaka 2010, 21,194 mwaka 2015, 33,215 mwaka 2017, na 26,188 mwaka 2019.

Bonde la 2001 na 2005 ndilo lililonishika. Mwaka 2001 Uingereza nzima ilichoka, na hapa waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Corbyn alipita kwa kura 18,699 na hizo zilikuwa asilimia 61.9. Mwaka 2017 alihitaji kura 40,086 kufika 73.0. Mtu anayesoma asilimia peke yake ataona tofauti ndogo tu, kumbe idadi ya waliomchagua imezidi maradufu. Kwa hiyo nimeamua jedwali lioneshe kura kamili kwanza, asilimia pembeni, na waliojitokeza katika safu yao.

Mwaka 2005 una somo lake. Vita vya Iraq vilikuwa vimeivunjia Labour heshima, hasa katika mitaa kama hii yenye wasomi, wahamiaji na Waislamu wengi. Corbyn alikuwa miongoni mwa wabunge wa Labour waliopiga kura kuipinga vita, tena mmoja wa sura zilizojulikana sana katika maandamano ya London. Hata hivyo kura zake zilishuka mpaka 16,118, asilimia 51.2, na Liberal Democrats, waliopinga vita kama chama, wakapanda mpaka 9,402. Maelfu walimwacha mtu aliyekubaliana nao kwa sababu ya bendera aliyoibeba.

Nimeutafakari mwaka huo kuliko yote. Anayesema kwamba watu wa Islington North siku zote walimchagua Corbyn na chama kilikuwa koti tu, aueleze 2005 kwanza. Chama kilikuwa na uzito. Kiliweza kumwongezea na kiliweza kumpunguzia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeongeza safu mbili ambazo sikuzipanga awali: maneno yaliyoruhusiwa kwenye karatasi ya kura, na dhamana.

Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1969, karatasi ya kura ya Uingereza haikutaja chama. Mpiga kura aliona jina, anwani na kazi ya mgombea, basi. Baada ya hapo mgombea aliruhusiwa kujieleza kwa maneno machache, na ndiyo maana mwaka 1983 O'Halloran aliweza kujinadi kama Labour ya kujitegemea. Mwaka 1998 sheria ya kusajili vyama ikafunga mlango huo. Tangu hapo asiye na chama kilichosajiliwa anaandikwa mgombea binafsi, au haandikwi kitu. Corbyn mwaka 2024 hakuwa na ruhusa ya kuliweka neno Labour popote karibu na jina lake, na kwenye karatasi ile ile alikuwepo mtu mwingine mwenye neno hilo.

Yaani O'Halloran aliingia na nusu ya jina la chama akapata asilimia 11.1. Corbyn aliingia mikono mitupu.

Dhamana nayo ina hadithi. Mwaka 1983 mgombea aliweka pauni 150, na asipofikisha asilimia 12.5 ya kura zote alizipoteza. O'Halloran alizipoteza. Mwaka 1985 kanuni ilibadilika, ikawa pauni 500 na kiwango kikashuka hadi asilimia 5. Kwa kanuni ya leo angerudishiwa fedha zake. Nimeweka alama ndogo kwa kila aliyepoteza dhamana, na alama hizo zitafanya kazi kubwa kwenye ukurasa wa 2024.

Jumamosi, 29 Machi

Ukurasa wa 2024 umekamilika. Corbyn kura 24,120, asilimia 49.2. Praful Nargund wa Labour, diwani wa Islington, kura 16,873, asilimia 34.4. Green 2,660, Conservative 1,950, Reform UK 1,710, Liberal Democrats 1,661, na mgombea binafsi mwingine 32. Tofauti ni kura 7,247.

Weka alama za dhamana. Conservative, Reform UK na Liberal Democrats wote wameanguka chini ya asilimia 5. Green wamepona kwa chupuchupu. Chama cha Bartley, kilicholitawala jimbo hili miaka ishirini mfululizo, hakikuambulia hata kurudishiwa pauni 500.

Na hapa ndipo ukurasa wa 1983 na wa 2024 unapopaswa kusomwa kwa pamoja, mmoja kushoto na mwingine kulia. Nimezipanga hivyo. Mwaka 1983 Conservative alikuwa wa pili na robo ya kura. Mtu wa Labour aliyempenda O'Halloran alikuwa na sababu ya kuogopa: kura yake ikigawanyika, Thatcher anapata mbunge mwingine. Mwaka 2024 hofu hiyo haikuwepo. Ukijumlisha Corbyn na Labour unapata kura 40,993, asilimia 83.6 ya zote, na hakuna wa tatu aliyekuwa karibu. Tena ilikuwa wazi nchi nzima kwamba Labour inaingia madarakani, nayo ilipata viti 411. Mkazi wa Holloway aliweza kumchagua Corbyn bila kuihatarisha serikali ya Labour aliyoitaka. Alikuwa anachagua kati ya watu wawili wa shina moja.

Hiyo ni hali ya jimbo. Lakini haitoshi. Katika nchi nzima wabunge kadhaa wa zamani walisimama bila chama mwaka ule na wakasahaulika kabla ya alfajiri. Corbyn alikuwa na miaka 41 ya ubunge. Katika jimbo dogo hivi, miaka 41 maana yake ni kwamba familia nyingi zina jambo alilowahi kuwaandikia barua: nyumba ya halmashauri yenye unyevu, mtoto aliyekosa shule, ndugu aliyekwama kwenye maombi ya ukaazi. Hata mimi namjua mtu wa kwetu aliyekwenda pale akiwa na bahasha ya wizara iliyokaa bila majibu, akatoka na barua yenye nembo ya bunge. Wajitoleaji wake walipogonga milango mwezi Juni hawakuhitaji kumtambulisha.

O'Halloran naye alikuwa na karibu miaka 14, na Waairishi wake walikuwa wakimjua. Tofauti moja ninaiona ina uzito: O'Halloran ndiye aliyekiacha chama, kisha akakiacha na cha pili. Corbyn chama ndicho kilichomfungia mlango. Mpiga kura mwaminifu wa Labour husamehe la pili kwa urahisi kuliko la kwanza. Hapa naandika maoni yangu, na katika kijitabu nimeyaweka chini ya kichwa cha maoni, mbali na nambari.

Jumamosi, 12 Aprili

Rangi. Nyekundu kwa Labour, buluu kwa Conservative, manjano kwa Liberal, na kijivu kwa asiye na chama. Kipande cha 1981 hadi 1983 nimekikata katikati ya safu ya O'Halloran, kionekane kwamba alichaguliwa kwa nyekundu na akamaliza kwa rangi nyingine. Mstari wa mwisho, 2024, ni kijivu peke yake chini ya nyekundu ndefu inayoanza 1937.

Kabla sijafunga maelezo nimetaka kuyajaribu mahali pengine, maana jimbo moja haliwezi kuthibitisha kitu. Nimechagua Leicester East. Ni mitaa ya familia nyingi za Kihindi zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na nyingine zilizotoka Kenya na Tanzania. Wako wazee kule ambao mpaka leo wakikusikia Kiswahili wanakujibu kwa Kiswahili. Labour ililishika jimbo hilo tangu 1987. Mwaka 2024 Claudia Webbe, mbunge aliyeondolewa Labour 2021, alisimama bila chama hicho. Keith Vaz, aliyekuwa mbunge wa Labour wa hapo kwa miaka 32, naye akasimama kwa chama kingine kidogo. Webbe alipata kura 5,532, Vaz 3,681, mgombea wa Labour 10,100. Shivani Raja wa Conservative alipita na 14,526, na likawa jimbo pekee ambalo Conservative walilinyakua kutoka chama kingine usiku ule wa kipigo.

Miaka 32 ya Vaz haikumsaidia. Shina liligawanyika watatu kama Islington ya 1983, ila safari hii alikuwepo wa nne mwenye nguvu, na akachukua. Kwa hiyo sentensi niliyoiweka kwenye ukurasa wa mwisho inabaki kama ilivyo: kujulikana kunamfikisha mgombea binafsi mlangoni, na kutokuwepo kwa mpinzani wa kufaidi mgawanyiko ndiko kunakomwingiza ndani.

Faili la Leicester East nimelifungua jioni hii. Safu ya wabunge kwanza, kisha mipaka, halafu kura za 1987, pale Vaz alipoingia.